Kisingizio cha Namba Kumi

Nonie Quilligan aliuza kwato za nguruwe na utumbo sokoni Limerick, na juu ya bidhaa hizo alitoa bure, bila kuombwa, maoni yake kuhusu Cathal Tuohy. Tuohy alikuwa namba kumi wa timu ya raga ya mkoa na ya taifa la Ayalandi: yule ambaye karibu kila mpira hupitia mikononi mwake, na mikwaju yote huutegemea mguu wake. Kwa Nonie, mguu huo ulikuwa balaa.

"Jumamosi hii anaupitisha mpira katikati ya milingoti ya goli kutoka pembeni kabisa, mpaka mapadri wanarusha kofia," alisema huku akikata utumbo. "Jumamosi ijayo anawekewa mpira mbele ya milingoti, mahali ambapo marehemu mama angefunga akiwa na slipa, naye anaupeleka kwa majirani. Huyo ni mchezaji au ni hali ya hewa?"

"Ana kipaji lakini, Mama," mteja mmoja alijaribu.

"Kipaji! Umeona alivyowakabili Waskoti kule Dublin? Alimpisha mtu kama anayemfungulia askofu mlango."

Watu walicheka, wakanunua. Nonie alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mikono, na katika mambo ya raga neno lake lilikuwa na uzito zaidi kuliko la gazeti. Hakuwa mpayukaji tu. Alikuwa ameligundua tatizo la Tuohy: bega la kushoto. Kila alipoingiwa na hofu, bega lile lilifunguka mapema, na mpira ukaenda kushoto. Kabla ya hapo huitazama milingoti mara tatu. Akiitazama mara ya nne, basi tena. Nonie alimwambia kila mtu, na kila mtu alikubali, kwa sababu ilikuwa kweli tupu.

Heshima ya Nonie lakini haikutoka kwenye kusema. Ilitoka kwenye kunyamaza. Limerick, mpigaji akiuweka mpira chini, awe wetu awe mgeni, uwanja mzima hunyamaza. Maelfu ya watu, kimya, mpaka unasikia bendera. Baba yake Nonie, mzee Quilligan, alisimama miaka yake yote kwenye reli ileile ya uzio nyuma ya milingoti, na alimfundisha binti yake sababu: "Ukimzomea umempa kisingizio. Mnyamazie. Akikosa, akose mwenyewe."

Mzee alipofariki, Nonie alisimama mahali pake, pembeni yake kaka yake Mossie, na akawa mlinzi wa kimya kile. Aliwahi kumpiga mwavuli mtu mzima kwa sababu ya kukohoa. Walimwita Nonie Nyamaza, naye jina hilo alilivaa kama nishani. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na meza sokoni na nafasi kwenye reli, na nafasi ile watu walimpisha bila kujali tiketi inasema nini.

Basi wakaja Wafaransa. Mchana ule Tuohy alicheza kama kawaida yake, yaani kama watu wawili wasiojuana. Alitoa pasi moja iliyowainua watu vitini, kisha akapiga mipira miwili mirefu moja kwa moja kifuani mwa beki wa Wafaransa, kana kwamba anamrudishia mali yake. Dakika ya mwisho timu ilikuwa nyuma kwa pointi mbili. Penalti. Karibu, kulia kidogo tu mwa milingoti. Ikiingia, pointi tatu na ushindi.

Tuohy akauweka mpira. Uwanja ukanyamaza. Akalamba vidole. Akatazama milingoti mara moja, mbili, tatu. Kisha, Mungu shahidi, akatazama mara ya nne.

"Kushoto," alisema Nonie.

Alimwambia Mossie, kwa sauti ya mtu anayesali. Alikuwa amelisema neno lile sokoni msimu mzima, likateleza lenyewe. Lakini katika kimya kile hata sauti ya sala husafiri, na kipaza sauti cha televisheni kilikuwa kimefungwa kwenye reli, chini kidogo ya kidevu chake. Ayalandi nzima ilisikia. Tuohy akasita, akainua kichwa, akarudi hatua zake nyuma. Akaanza upya. Bega likafunguka. Mpira ukaenda kushoto.

Hakuna aliyemtazama Tuohy. Vichwa viligeuka kwenye reli.

"Nani huyo?"

"Nonie! Nonie Nyamaza mwenyewe!"

"Bega lingefunguka tu!" alipiga kelele. "Mna macho au mna vifungo? Alitazama mara nne!"

"Ungemwacha mtoto wa watu apige, Nonie," alisema Mossie, bila kumtazama usoni.

Siku ya soko iliyofuata kwato zilikaa mezani mpaka zikakauka. Mama Hanrahan wa meza ya jibini, ambaye msimu mzima alikuwa akimcheka Tuohy hadi machozi, sasa alisema kwa sauti ya kusikika, "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi."

"Wewe si ndiye uliyesema auzwe kwa kilo?"

"Mimi nilisema sokoni, mwenzangu. Sikusema kwenye kimya."

Magazeti nayo yakaandika kwamba kijana alisumbuliwa. Mikwaju yake mingine yote aliyokosa, Dublin na Cardiff na Paris, ikasahaulika kwa siku moja. Kocha wa taifa, aliyekuwa karibu kumwacha, akamwita tena. Na Nonie, ambaye hakuwahi kumpenda, ndiye aliyemnunulia nafasi hiyo. Jambo hilo lilimuuma kuliko matusi yote.

Kisha Tuohy akaja sokoni, mrefu, amechana nywele. Watu wakakusanyika. Akanunua kwato mbili, ambazo uso wake ulionyesha hajawahi kuzila, akamshika Nonie mkono.

"Usijali, Mama. Yamepita. Nimekusamehe."

Soko likapiga makofi. Mama Hanrahan akafuta machozi. Nonie alifunga kwato kwenye karatasi, akazisukuma mezani. Jibu alilokuwa nalo lisingetamkika mbele ya watoto.

Mechi iliyofuata alikwenda. Hawakumpisha, akapenya kwa viwiko mpaka relini. Penalti ya kwanza ikaja, rahisi, mbele ya milingoti. Nonie akavuta skafu nyekundu, akaizungusha mdomoni mizunguko mitatu, akaikaza kwa fundo kisogoni. Kisha akaziba kwa mikono juu yake.

Tuohy akatazama mara moja, mbili, tatu, nne. Bega likafunguka, mpira ukaenda kushoto, mbali kabisa, mpaka kwenye maegesho ya magari.

Uwanja mzima ukageuka kumtazama Nonie. Na Mossie, ndugu yake wa tumbo moja, akamwinamia sikioni.

"Nonie, umesema nini tena?"