Njia Aliyoifundisha Emérita

Kibabi nzima ilimjua Emérita kwa ulimi wake. Baada ya misa ndiye aliyesimama kuwahimiza watu waingie mutuelle, bima yao ya afya, na kuwafundisha sheria yake: mgonjwa apite kwanza kwenye sentre ya afya ya kijiji, ndipo muuguzi ampe karatasi ya kwenda hospitali. Anayeruka sentre, bima haimtambui. Watu walimtania kwamba ameolewa na mutuelle, lakini walimsikiliza. Sentre iliyokuwa ikishinda tupu ikajaa akina mama wenye watoto wa homa, naye akatamba.

Kisha mumewe Damascène akaanguka shambani. Ngiri yake ya zamani ilikuwa imebana, na maumivu aliyoyaficha tangu juzi yakamshinda. Wanaume wakamlaza kwenye ingobyi, machela yao ya mianzi, wakafika njia panda. Kushoto, mteremko mfupi, hospitali. Kulia, mlima mrefu, sentre. Sebahire, mdogo wa Damascène, aligeukia kushoto bila kuuliza.

"Hapana," Emérita akasema. "Tupite kwanza ku sentre. Mimi njo nilifundisha bantu."

Desturi ya wabebaji ni kumtii mwenye mgonjwa. Hawabishani juu ya njia mgonjwa akiwa begani. Wakapanda. Damascène alilia mpaka kwenye migomba ya kwanza, kisha akanyamaza, na Emérita, Mungu amsamehe, akashukuru kwamba maumivu yametulia.

Vestine, muuguzi wa sentre, alimgusa tumbo, akamwinamia kifuani, akanyanyuka taratibu. Aliuliza mbona hawakuteremka moja kwa moja.

"Mama, kama iko urgence, mutu amezidiwa, munaenda tu hospitali. Karatasi inakuya nyuma. Hawakukuambia?"

Hawakumwambia. Animateri wa mutuelle, mhamasishaji aliyemfundisha Emérita sheria hizo, alikuja na maneno tele, hilo moja likamponyoka. Hakuna uchungu kama wa kumuua mtu wako kwa utiifu.

Baada ya matanga animateri alirudi kanisani, mtu wa mbali, hana habari ya msiba. Akaisifu Kibabi kwa kufuata njia, akamwomba Emérita atoe mfano. Akasimama. Hakupaza sauti.

"Bwana yangu alifuata njia yote, mupaka akaimalizia pale. Mutu akianguka, musiniulize mimi njia. Mumuteremushe."

Akaketi. Animateri akaanza kupiga makofi, akajikuta anapiga peke yake.