Msimwamshe Baba

Mimi ni mtu wa kubisha. Hata kwenye nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi, Croydon, kusini mwa London, wenzangu wananiita wakili, na si kwa kunisifu. Kwa hiyo nilipoona tangazo la darasa la bure la fasihi kwenye maktaba, kila Jumamosi asubuhi kwa wiki kumi, nilijiandikisha hata kabla sijasoma mada. Mada ilikuwa tamthilia za majonzi: zile za Wagiriki wa kale, na zile zilizoandikwa Ulaya karne nyingi baadaye, watu walipoanza kujiona wao ndio wenye dunia. Swali la darasa lilikuwa moja tu. Anayeangamia, aliandikiwa au alijitakia?

Wakati ule baba yangu alikuwa mgonjwa wa figo, Tabora. Mimi nilikuwa na ombi la kibali cha kukaa hapa, liko mezani kwa watu wa uhamiaji, na mwanasheria alikuwa ameniambia wazi kwamba nikivuka mpaka kabla halijajibiwa, itahesabika nimelifuta mwenyewe. Mwenyewe, ndilo neno alilotumia. Miaka tisa ya fomu, mitihani na foleni ingekwenda na maji. Ama nimwone baba, ama nipate karatasi. Hakuna aliyejua jibu lingetoka lini, na hakuna aliyejua figo za baba zingevumilia mpaka lini.

Kila Jumapili nikitoka zamu ya asubuhi nilimpigia simu mdogo wangu wa kiume aliyekuwa akimuuguza. Mazungumzo yalikuwa yaleyale.

"Mzee anaendeleaje?"

"Anaendelea, dada. Amelala."

"Basi msimwamshe."

Kisha tunaongea habari za mvua na watoto, tunaagana, napanda treni kurudi Peckham kwenye chumba changu juu ya saluni. Usiku wa Jumapili nililala vizuri kuliko siku nyingine zote.

Mwalimu wa darasa alikuwa mama wa Kiingereza, mstaafu, mwenye sauti ndogo na uvumilivu mkubwa. Alitueleza kwamba katika tamthilia za Kigiriki mtu huambiwa mapema yatakayomkuta, naye hukimbia, na ile njia anayokimbilia ndiyo inayomfikisha. Nilikasirika papo hapo. Nikanyoosha mkono: kama ameshaandikiwa, anahukumiwa kwa kosa gani? Baba yangu alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo miaka thelathini, na nyumbani kwetu hata aliyevunja kikombe alisikilizwa kwanza. Niliwapenda zaidi watu wa zile tamthilia za baadaye. Wale hawasukumwi na mungu yeyote. Wanaona kitu, wanakitamani, wanatenda kwa mikono yao, tena mbele ya macho yetu. Wagiriki kifo wanakificha nyuma ya jukwaa, halafu anatoka mjumbe kuja kusimulia. Nikasema huo ni uoga, darasa zima likacheka.

Hakucheka mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa akikaa karibu nami. Alizaliwa Kampala, akafukuzwa nchini pamoja na wazazi wake akiwa msichana, akaishi London akiuza duka mpaka magoti yakagoma. Wakati wa chai tulikuwa tunaongea Kiswahili, chake cha zamani, kitamu.

"Mwanangu, unabisha sana," akaniambia. "Sisi tuliambiwa tutoke Uganda. Mimi nilichagua sanduku lipi nibebe. Hiyo ndiyo choice niliyopewa."

"Lakini aliyechagua ni wewe," nikamjibu.

Akaniangalia, akapuliza chai yake. Alikuwa anajua habari za baba na za ombi langu, maana nilikuwa nimemwambia.

"Haya. Basi chagua lako, tuone."

Yale maneno yalinichoma. Nilirudi Peckham nimekunja uso, nikajibishana naye kichwani usiku mzima, na kulipokucha nilikuwa nimekata shauri. Ombi lifutwe. Nikampigia mdogo wangu nikiwa nimesimama, maana niliona jambo kama lile halisemwi umekaa.

"Nakuja," nikasema. "Nakata tiketi wiki hii. Kibali chao wakae nacho wenyewe."

Nikamsikia akitoka nje na simu.

"Dada, usikate tiketi. Subiri mpaka Jumanne."

"Jumanne kuna nini?"

"Subiri tu, dada. Nakuomba."

Nilijua anaogopa kwa niaba yangu, akiililia miaka yangu tisa. Nikamhurumia. Nilijisikia mrefu siku ile, nikatembea mtaani Peckham kati ya maduka ya ndizi na makanisa yanayopiga ngoma kwenye maghala, nikijiona mtu aliyeamua la kwake.

Jumanne ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Asubuhi nilipigiwa na mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, mama mwenye sauti kubwa anayefanya kazi uwanja wa ndege na kuishi Hounslow. Akasema yeye na wenzake wawili wanakuja Peckham kununua dagaa na ndizi, watanipitia. Nikafurahi. Nikafagia, nikatandika kitanda ili wapate pa kukaa.

Wakaingia watatu, na sufuria ya pilau imefungwa kwa taulo. Mwenyekiti akanipakulia. "Kula kwanza, mwenzetu. Sisi tumeshakula." Akaniomba na simu yangu, eti yake imeisha chaji, akaitia mkobani. Nikala. Nikasifu pilau. Na kwa kuwa mdomo wangu haujui kupumzika, nikaanza kuwapa habari za darasa. Nikawaeleza wale wajumbe wa Kigiriki, na kijiko mkononi: ukimwona mtu anaingia jukwaani hana kazi yoyote ya kufanya ila kusimama na kuongea, basi jua ndani huko mtu ameshakufa.

Mmoja wao akainuka akaenda kwenye sinki kuosha glasi iliyokuwa safi.

Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba mimi mwenyewe nimeshakwenda safari hizo mara mbili. Sisi habari ya msiba hatumpi mtu kwa simu akiwa peke yake ugenini. Tunakwenda watu wazima, kwa kisingizio chochote, tunahakikisha amekula kwa sababu baada ya hapo hatakula, tunachukua simu yake asije akasoma rambirambi za watu kabla hatujafungua mdomo. Mama mmoja kule Hounslow nilimpakulia wali mwenyewe, nikamtazama akitafuna. Na bado siku ile nilikaa pale, nikaomba niongezewe kachumbari.

Nilipomaliza, mwenyekiti akaiondoa sahani, akanishika mikono yote miwili.

"Mwenzetu, baba hatunaye."

"Lini?"

"Alhamisi."

Kesho kutwa ndiyo Alhamisi, nikawaza, watajuaje? Akili ilikuwa imegoma. Kisha nikasema, "Alhamisi ya juzi hii?"

"Ya kabla yake. Leo siku ya kumi na mbili. Ameshazikwa."

Nilicheka. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimehesabu Jumapili. Baina ya Alhamisi ile na Jumanne hii zilipita Jumapili mbili. Ya pili ndiyo niliyotangaza kwamba nakuja. Ya kwanza mdogo wangu aliniambia mzee amelala, nami nikasema msimwamshe, na mzee alikuwa kaburini siku ya tatu. Baada ya kicheko nilipiga kelele mpaka watu wa saluni wakapanda ngazi wakidhani nashambuliwa.

Walinirudishia simu alasiri. Nilimpigia mdogo wangu, nikamtukana matusi ambayo baba asingeruhusu nyumbani kwake. Nilimwambia ameniibia baba. Nilimwambia yeye si mungu anikatie mambo yangu. Aliniacha niseme mpaka pumzi zikaniishia.

"Si mimi, dada. Ni yeye alisema usiambiwe mpaka kesi yako iishe. Usingesema unakuja, tungenyamaza mpaka leo."

"Na mimi sikuwa na haki ya kuamua?"

"Ulikuwa nayo. Baba alikuachia. Alisema, akiomba kuongea na mimi, mpeni simu, nitamwambia hali yangu mwenyewe, halafu aamue. Asipoomba, mwambieni nimelala. Kila Jumapili tulimkalisha kitini, dada. Simu tunaiweka loudspeaker. Alikuwa anakusikia."

Wale wanawake watatu walikuwa wamekaa kitandani pangu, nami nilikuwa sakafuni.

"Wiki ngapi?" nikauliza.

"Saba alizokuwa hai."

"Na alikuwa anasema nini, nikishakata?"

"Alikuwa anasema labda wiki ijayo."

Sikumbuki niliagana naye vipi. Nakumbuka kwamba ubishi ulinitoka wote, na kilichobaki nilikijua bila kuambiwa. Simu yangu ilikuwa inafika Tabora saa kumi na moja jioni, na saa hiyo baba yangu halali. Hakuwahi kulala saa hizo maisha yake yote. Ni saa yake ya redio na gazeti. Nililijua hilo kila Jumapili kwa wiki saba. Nilijua pia kwamba nikisikia sauti yake tu, nitapanda ndege. Kwa hiyo nilisema neno la huruma na nikaenda kulala. Hakuna aliyeniandikia maneno yale. Niliyachagua, nikayarudia, nikayaita adabu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda darasani kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Mwalimu aliuliza kitu, akanitazama akitegemea mkono wangu. Sikuunyoosha. Yule mama wa Kampala aliniuliza wakati wa chai nimechagua nini, nikamwambia baba amefariki. Akaweka kikombe chini, akalia yeye kabla yangu.

Mdogo wangu alinipigia baada ya wiki chache kunijulisha siku ya hitima ya arobaini. Safari hii aliniambia kila kitu: saa, nani anakuja, kaburi liko upande gani, na kwamba kitanda changu kimetandikwa. "Njoo ukitaka, dada. Usipokuja pia tutaelewa." Wiki hiyohiyo nikapata barua ya uhamiaji kuniita Croydon nichukuliwe alama za vidole. Siku ilikuwa ileile. Nilipiga simu kuuliza kama inaweza kusogezwa, wakasema inaweza, ila jibu litachelewa, na nikitoka nje ya nchi ombi limekufa. Nilikuwa na siku tisa za kufikiri, sina mtu wa kunificha jambo, sina mtu wa kunizuia.

Siku baba aliposomewa arobaini nilikuwa kwenye foleni, Croydon, na bahasha yangu. Kijana wa dirishani alinitabasamia vizuri. Akanibonyeza vidole kwenye kioo kimoja kimoja, akaniuliza kama nimetoka nje ya nchi tangu nilete ombi.

Nikamwambia hapana, sijatoka.