Taa Isiyo na Joto

Ko, ko, kooo, halafu pyuu. Hivyo ndivyo jenereta yetu ilivyokata roho. Mpaka leo naisikia, maana nyumba nzima mimi peke yangu ndiye niliyefurahi. Vita vilikuwa vimeziba barabara ya Nimule iletayo mafuta kutoka Uganda, petroli ilikuwa imepotea Juba, na hapo mtaani kwetu Atlabara lile zee lilikuwa linakunywa kila tone tulilobahatika kupata. Mimi nilikuwa nimeota sola tangu tulipokuwa wakimbizi Uganda, nikitazama paneli ziking'aa juu ya nyumba za nyasi.

Nilikuwa nimeshambembeleza mama siku tatu kabla, na asubuhi hiyo ilipokufa nikambembeleza tena. Akakubali kwa shingo upande. Tukafunga jenereta kwenye bodaboda, tukavuka daraja la mto mpaka mtaa wa Sherikat, na mfanyabiashara mmoja akaichukua kwa ajili ya vipuri. Badala yake akatupatia paneli, betri na balbu moja nyeupe ndogo kama yai. Akanieleza kwamba balbu za zamani hula umeme mwingi kwa sababu sehemu kubwa inageuka joto tu, lakini hii inatoa mwanga, haipotezi. Njia nzima niliyarudia maneno hayo kama mtoto aliyefundishwa wimbo wa kanisani.

Jioni nikabonyeza swichi. Chumba kikawa cheupe mpaka kwenye pembe ambazo hatukuwahi kuziona. Majirani wakaja kuchungulia, nami nikawa natoa maelezo kama mwalimu. Mama akainua mkono, akaishika balbu. Balbu yoyote aliipima hivyo hivyo, kwa kiganja: isipochoma, ni feki.

"Ya biti, binti wewe," akaniambia, "hii taa iko baridi."

Nikacheka. Nikamwambia ndiyo uzuri wake.

Kisha nikaitundika palepale ilipokuwa ikiwaka usiku balbu yetu ya zamani ya jenereta, juu ya sanduku la vifaranga. Mama alikuwa amewaleta kutoka Nesitu kwa lori la mwisho kupita kabla barabara haijazibwa, na kwa vifaranga hao alitaka kuanza upya kazi ya kuku aliyoiacha alipokimbia vita. Nikalala nikitabasamu.

Alfajiri sanduku lilikuwa kimya. Wote walikuwa wamejibana kwenye pembe moja, chini ya mwanga mzuri kabisa, wanatetemeka. Mmoja hakuinuka tena. Ndipo nilipoelewa maneno niliyokuwa nikiyaimba. Ile balbu ya zamani ndiyo iliyokuwa mama yao.

Mama aliinama juu ya sanduku. Akamtoa yule aliyekufa.

"Mimi nilisema iko baridi. Wewe ukacheka," alisema. "Sasa sikia. Hawa wengine wakikufa, hiyo paneli yako inarudi Sherikat."

Tukawasha makaa, tukayaweka ndani ya chungu, tukafunika kwa majivu, tukakizungushia gunia. Vifaranga tukawapanga pembeni yake. Aliyekuwa dhaifu kuliko wote nilimweka kifuani ndani ya blauzi, nikapika uji naye akinikwaruza. Uji ulipochemka alikuwa anapiga kelele. Mama akasikia, akageuka, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema huyo amerithi mdomo wangu.

Akafikiri kidogo. Akaichomoa taa juu ya sanduku, akaitundika juu ya meza anapochambulia mchele.

"Hapa inafaa. Mimi naona mawe yote," akasema. "Lakini jioni nitawahesabu. Mmoja akipungua, kalas, imekwisha."

Nikawahesabu mimi kwanza. Mama akajifunga kitambaa, akaenda sokoni.

Nikabaki peke yangu. Jua lilikuwa limeshika ua. Nikaitoa paneli nje, nikaiegemeza kwenye tofali, nikaifuta vumbi kwa upindo wa sketi yangu. Halafu nikawarudisha vifaranga kwenye sanduku, nikalibeba polepole, nikaliweka kando yake, na kila kivuli kilipowafikia, nikavisogeza vyote viwili pamoja.