Migebuka wa Mama Mkwe

Hadi leo nikikumbuka, uso unanichoma. Breki ya gurudumu la mbele la gari langu iling'ang'ania, nikaamua kuitengeneza mwenyewe nyumbani, Majengo. Nikafungua kalipa, ile inayobana diski, nikasugua pistoni kwa msasa, nikapaka grisi pini ya juu. Ya chini iligoma kutoka. Nikaigonga nyundo, nikachoka, nikaiacha vilevile. Kwa mke wangu nikajisifu kwamba mafundi hawaniwezi.

Jumapili tukampakia mama yake kwenda Mwazye kwenye komunyo ya mjukuu, na kikapu chake cha migebuka waliokaushwa kwa moshi. Njiani harufu ya kuungua ikajaa garini.

"Samahani mama, nadhani ni hawa samaki," nikasema, nikasimama na kukifunga kikapu juu ya keria. Mke wangu akanikata jicho.

Harufu ikazidi. Kwa mdomo wangu huu nikauliza nani aliwakausha mpaka wakaungua.

"Mimi," mama akajibu.

Bodaboda akatupita akipiga kelele: "Mzee, tairi linatoa moshi!"

Tukashuka. Mama mkwe akalitazama gurudumu, akanigeukia taratibu.

"Baba, na huku nako niliweka samaki?"