Kabla Ndege Haijarudi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ndege ilipopita juu ya vichwa vyetu ikakataa kutua. Nilikuwa bado bibi arusi, mke wa Hamisi, mchimba visima. Kazi yake ilikuwa imetupeleka kaskazini, mbali na Mbale, kwenye nyanda ambako unaweza kutembea nusu siku usikutane na duka. Huko bomba la chuma lilimponda mguu. Kidonda kikaoza, homa ikampanda mpaka akawa hanitambui. Nesi wa zahanati hakunificha: bila upasuaji, Hamisi hatapona.

Mvua zilikuwa zimebeba daraja la barabara ya Mbale. Ikabaki njia moja tu, ndege ndogo ya kusambaza dawa iliyotoka Jinja. Nesi aliongea na rubani kwa redio, naye rubani akakubali kumchukua mgonjwa.

Usidhani tulikuwa na uwanja wa ndege kama unaouona kwenye simu yako. Ulikuwa ukanda wa nyasi, mawe yaliyopakwa chokaa pembeni, na kibanda cha mabati kisicho hata na benchi. Tulimlaza Hamisi humo kwenye godoro. Mama yake, Mama Zaituni, alikuwa amekuja kutoka Wanale kabla daraja halijaenda, naye ndiye aliyekuwa akimlowanisha midomo.

Ndege ilikuja, ikashuka chini kabisa, kisha ikainua pua na kwenda zake.

Nilimkimbilia mlinzi wa uwanja, mzee aliyewahi kuwa mwanajeshi. Watu wa pale walimwogopa kidogo kwa sababu ya kile Kiswahili chake cha kambini. "Afande, kwa nini ametuacha?"

"Mama, hii uwanja iko mbaya," alisema. "Ng'ombe iko mingi, maji imekaa kwa katikati. Na upepo hajui natoka wapi. Pilot atashuka namna gani?"

Nesi akatoka na redio yake. Rubani alikuwa amesema anapeleka dawa mbele, na mchana atapita tena akirudi Jinja. Akiona uwanja uko vilevile, hatazunguka mara ya pili.

Nilikaa kwenye matope nikasema, "Basi. Mungu ameshaamua."

Mama Zaituni alitoka kibandani. Hakuwa mtu wa kelele, na hata siku ile hakupaza sauti. "Hadija, mwanangu, Mungu hajakuambia chochote. Aliyesema ni rubani, na amesema maji na ng'ombe. Inuka."

Akafunga gomesi yake, lile gauni refu la kina mama wa Uganda, juu ya magoti, akamwomba Afande jembe.

Tulianza kuchimba mfereji, yeye, mimi na Afande, huku nesi akibaki na mgonjwa. Udongo ule mweusi ulinata kwenye jembe kama ugali. Mchunga ng'ombe alisimama akitutazama. Alipoambiwa aondoe mifugo yake alikataa, akisema pale ndipo penye majani yasiyozama. Mama Zaituni alimwendea na jembe lake begani.

"Baba, una mama?"

"Ninaye."

"Aliyelala mle ndani ni mtoto wangu wa pekee. Majani yatakuwapo kesho. Yeye sijui."

Yule bwana aliinamisha kichwa. Kisha akapiga mluzi, ng'ombe wakaanza kuondoka, naye alipowafikisha mbali alirudi na wake zake wawili na majembe yao. Kidole kimoja hakivunji chawa. Maji yalianza kutembea. Kila yalipotoka, tulijaza changarawe na kuikanyaga kwa miguu yetu. Mikono yangu ilipasuka damu. Sikuona aibu kulia, lakini nililia nikilima.

Afande akawasha moto wa majani mabichi mwisho wa uwanja ili moshi uonyeshe upepo.

Tuliisikia ndege kabla ya kuiona. Ilipita mara moja. Ikageuka juu ya moshi, ikashuka, ikarusha matope, ikasimama.

Nafasi ilikuwa ya mgonjwa na mtu mmoja. Nilimsukuma Mama Zaituni apande, maana ni mwanawe. Akanikatalia. "Nenda wewe, utakayeishi naye."

Jinja walimkata mguu chini ya goti, wakamwokoa. Watoto wetu wote wamezaliwa baada ya siku ile. Na yule mama yake tulimzika Wanale akiwa mzee, Hamisi amesimama kaburini kwa magongo yake.

Sasa wewe, mwanangu, unakaa Nkoma na vyeti vyako bila kazi, unasema bahati imekupita. Huenda ni kweli. Wazee walisema mvumilivu hula mbivu, lakini ajizi pia ina nyumba yake, na ni ya njaa. Ukikataliwa, usikimbilie kusema ni Mungu. Uliza umekataliwa kwa sababu gani. Lililo ndani ya uwezo wako, lifanye leo, kwa mikono yako, na usione haya kumwomba jirani asaidie. Likishindikana baada ya hapo, utalala bila kujilaumu.

Mungu akupe mgongo usiochoka, akuzungushie watu wenye huruma, na jasho lako lisianguke bure. Amina.