Mizinga ya Kasuku

Bramwel Shitanda alikuwa mchonga mizinga ya nyuki kando ya msitu, karibu na Isecheno. Miaka ile miwa ilipopanda bei, watu waling'oa mihogo na migomba, wakapanda miwa hadi mlangoni. Shitanda naye aliangusha mti mkubwa uliokuwa mpakani mwa shamba lake, ingawa kwa miaka ishirini alijua kasuku wawili hutagia katika pango lake. Sisemi haya kumtetea. Alijua, na akakata.

Mti ulipoanguka, pango lilipasuka na mayai matatu yakavunjika. Kasuku walizunguka mahali pale siku mbili, wakipiga kelele. Elkanah, askari wa msitu, alimwambia waziwazi, "Bwana Shitanda, upande huu wamebaki hao wawili tu. Wasipopata pango kabla ya kiangazi, ndio mwisho."

Kuanzia siku hiyo Shitanda alikula kidogo. Alikata magogo matatu kutoka shina la mti uleule, akayachimba kwa patasi, akatoboa tundu la kuingilia na matundu madogo chini ya kupitishia maji. Aliweka vipande laini vya mbao ndani, akayafunga juu ya miti iliyobaki, kisha akazungushia mashina bati ili nyoka na fungo wasipande.

Jirani yake Osundwa alisimama na jembe begani akicheka. "Miwa yako imemezwa na magugu, wewe unajengea ndege nyumba za bati! Mimi binadamu bado nalala kwa nyasi."

"Lala," alijibu Shitanda bila kugeuka.

Kabla mwezi haujaisha, kasuku walirudi. Jike aliingia gogo la kwanza, akatoka, akaingia tena. Shitanda alimwita mkewe kwa mkono.

"Baba Zipporah, unalia?" Phoebe aliuliza.

"Nyamaza, utawatisha."

Siku ya nne kundi la nyuki lilishuka likajaa ndani ya gogo lile. Kasuku walirudi, wakatua kwenye tawi la juu, wakawa wanalitazama tundu lao.

Elkanah alipofika, aliuliza swali moja. "Ulipaka nini ndani?"

Shitanda alikuwa amepaka nta. Magogo yote matatu alikuwa ameyasugua kwa nta ya moto, kama baba yake alivyomfundisha kufanya kwa kila mzinga mpya, ili nyuki wavutwe na harufu. Hakuna aliyemwambia apake. Mikono yake ilikuwa imezoea kazi, na yeye hakuisimamia. Tukizoea jambo mno, huacha kujiuliza linamfaa nani.

Palepale aliwasha kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, akapanda na moshi.

"Ngoja jioni, nyuki wapoe!" Elkanah alipaza sauti.

"Jioni ndege watakuwa wameenda!"

Nyuki walimwangukia usoni na shingoni. Aliendelea kufukiza akiwa amefumba macho, hadi mguu ukateleza kwenye bati na akaanguka chini. Nyuki hawakuhama. Moshi ulipanda hadi tawi la juu, na kasuku wakaruka.

Kwa wiki nzima aliyakwangua magogo mawili mengine na kuyaosha kwa maji moto na majivu. Kila alipoinusa mbao, nta ilikuwa bado imo. Siku ya nane Elkanah alikuja, akavua kofia. Alikuwa amewaona kasuku wakivuka mto asubuhi, juu sana, wakielekea mbali. Upande ule hapakuwa na mti. Ni miwa tu.

Phoebe alimkalisha mumewe kwenye kigoda, akaendelea kumtoa kwa kucha miiba ya nyuki iliyobaki shingoni.

"Nimewafukuza mara mbili, Mama Zipporah," alisema.

Phoebe aliinamisha kichwa cha mumewe, akatafuta mwiba mwingine.