Tulipoziba Upenu Kabla ya Magharibi

Kwetu uzazi wa kwanza ni wa kwa mama mzazi, na hilo halina mjadala. Binti yangu alipokaribia siku zake alikuja kwangu Kibiti na begi moja, akajifungua salama hospitali, kisha akaingia chumba cha nyuma kukaa arobaini na mwanawe. Chumba kile nilikuwa nimekipaka chokaa, nimenunua chandarua kipya na shuka mbili. Nilichoshindwa kukibadili ni wakazi wa juu.

Popo waliingia darini mwaka ule ubao wa ukingoni mwa paa ulipooza kwa mvua. Ubao huo ndio unaoziba pengo la upenuni, kati ya ukuta na bati, na ulipoachia, mkono mzima ulikuwa unapita. Mchana walilala kimya. Jua likichwea walitoka wote kwa mkupuo, na alfajiri wakarudi. Bati likipata moto, harufu ya mkojo wao ilikata pua. Siku ya nane ya mjukuu wangu, doa la rangi ya chai lilitokea kwenye dari, juu kabisa ya kitanda. Siku ya tisa likaanza kudondosha.

Nilihamaki, na mimi nikihamaki sisikii la mtu. Nikampigia fundi mmoja kijana wa Umwe. Alifika baada ya Adhuhuri na ubao mpya, wavu mgumu wa chuma na ngazi. Akapanda, akamulika kwa tochi ya simu, akashuka taratibu.

"Mama, wamo wengi. Leo niandae ubao, halafu tungoje Magharibi watoke wenyewe. Wakishatoka ndipo nizibe."

"Magharibi hagongi mtu nyundo kwenye nyumba hii," nikamwambia. "Ndani mna mzazi."

Bibi yangu alitulea na sheria hiyo. Jua likizama, nyumba yenye kichanga hufungwa. Hakigongwi kitu, wala mtoto hatolewi nje mpaka giza lishike, kwa kuwa ndiyo saa ya mashetani kupita. Watoto wangu watano nimewalea hivyo hivyo, na sikuwahi kuuliza.

"Tukiziba sasa tutawafungia humo humo, mama. Mnyama akikosa mlango hutafuta mwingine."

"Wakifa wafe. Ziba."

Akaziba. Kazi yake ilikuwa nzuri, sina la kumlaumu: ubao umenyooka, wavu umekazwa kila pembe, hata kidole hakipiti. Kabla ya Alasiri alishapiga msumari wa mwisho. Ngazi aliiacha ili kesho aje kupaka rangi. "Haya mama, umesema wewe," aliniambia, akawasha pikipiki.

Adhana ya Magharibi ilipoanza nilikuwa uani natia udhu. Nikasikia huko juu sauti kama ya mchele unaopepetwa kwenye ungo. Wakaparura bati kutoka pembe hii hadi ile, wakarudi, kisha wakanyamaza. Kunyamaza kwao ndiko kulikonitisha. Nikawa bado nimeshika kopo la maji binti yangu alipopiga ukelele.

Waya wa taa ulipopita darini, tundu lake liliachwa kubwa. Walikuwa wanapenya hapo, mmoja mmoja. Nilipofungua mlango wa chumba, ambao hutokea uani moja kwa moja, watatu walishakuwa wanazunguka ndani, na mwingine kang'ang'ania chandarua kwa ndani, shubiri moja tu kutoka mto wa mtoto. Binti yangu alikuwa amemnyakua mwanawe, amemfunika kwa kanga, yuko pekupeku.

"Mama, nipishe nitoke."

Sikumpisha. Naona aibu kuandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilisimama mlangoni, mikono nimeitanua huku na huku. "Usimtoe nje saa hizi! Mtoto wa siku tisa! Ngoja kwanza giza lishike."

Popo mmoja akapita katikati yetu. Mwingine akadondoka kitandani, akaanza kujikokota juu ya shuka. Mtoto alikuwa analia mpaka sauti inakauka, na mimi bado nimesimama.

"Mama," akasema, sasa kwa sauti ya chini, "hao unaowaogopa huko nje siwaoni. Hawa nawaona."

Akanipiga kikumbo, akapita. Tangu nimzae hajawahi kunigusa kwa ubaya.

Nikachukua nyundo ya nyumbani, nikapanda ile ngazi ya fundi, na miaka yangu sitini na miwili. Wavu uligoma. Nilivuta misumari kwa meno ya nyundo, nikagonga, nikalia, nikamlaani kila aliyewahi kuniita mwenye busara. Pembe moja ilipoachia walitoka kwa wingi, wakanipita masikioni na usoni, nami nimefumba macho na kushikilia ngazi.

Tulikwenda hospitali kwa bajaji. Muuguzi alimvua mtoto nguo zote, akamkagua chini ya taa, nyuma ya masikio, katikati ya vidole.

"Popo amemng'ata?"

Hatukujua. Akatuambia jino la popo ni dogo mno, linaweza lisiache alama ya kuonekana. Daktari akasema hatuwezi kubahatisha, aanze sindano za kichaa cha mbwa, maana popo naye huweza kukibeba. Nikanyoosha mikono nimshikie. Binti yangu akamgeuzia upande wa pili.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi vyote viwili vilinijia ndani ya siku tisa. Binti alikwenda kumalizia arobaini Mbwara, kwa mama mkwe wake, na majirani waliponiuliza nilisema uongo wa kila aina. Fundi alirudi. Aliacha pengo moja, akalining'inizia kipande cha wavu laini ili watoke wasiweze kurudi, na jioni tatu mfululizo tulikaa kuwatazama mpaka hakutoka hata mmoja. Akaziba jua linazama, na mimi ndiye niliyempa misumari. Mawazo yangu yote yalikuwa Mbwara. Simu ikilia, nilijua wananiambia homa imempanda mtoto.

Homa haikumpanda. Arobaini ilipotimia nikaenda. Nilimkuta binti yangu kakaa kibarazani, mtoto kanenepa mashavu. Nikamwamkua mama mkwe, naye akatupisha.

"Nisamehe kwa wale popo," nikasema.

"Popo sina ugomvi nao, mama. Wewe ulinifungia mlango."

"Nilikufungia."

Alasiri ikaadhiniwa, na yeye sasa alikuwa ameruhusika kuswali. Akasimama, akamtazama mwanawe, akanitazama mimi. Kisha akainama, akamweka mikononi mwangu, lakini mikono yake mwenyewe hakuiondoa mara moja.

"Mshike vizuri," akasema.

Mimi, mama wa watoto watano, nikamjibu, "Nimemshika."